Neno Lililoambiwa Pembe ya Kuba

Inasimuliwa na waliopokea kwa waliowatangulia, na ukweli wote uko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba zamani sana katika mji wa Harzamu aliishi mkamua mafuta ya ufuta akiitwa Shuaibu. Hakuwa mwanachuoni, wala hakuwa na karama za kutembea juu ya maji. Alikuwa mtu wa swala zake na wa kauli chache, ambaye akikuahidi jambo ulikwenda zako ukalala usingizi. Alikuwa na rafiki mmoja wa kufa na kuzikana, Dhakwani mshona mahema, ambaye yeye alisema kwa niaba yao wote wawili.

Watu wa Harzamu walikuwa na ada moja njema. Mtu akitaka kumwambia mwenzake siri, hakusema, "Usimwambie mtu." Aligeuza uso kulia, akageuza kushoto, kisha akauelekeza ukutani na kunong'ona. Kule kugeuka kulitosha. Maneno yaliyofuata yalikuwa amana, na aliyeyasikia alikufa nayo. Watoto walifundishwa ada hiyo wakati mmoja na kutawadha. Aliyeivunja hakuozwa mke, hakuitikiwa salamu, na siku akifa jeneza lake lilipata wabebaji kwa taabu.

Mji huo ulitawaliwa na Liwali Mughithi, mtu aliyependa sana kujenga na asiyependa kabisa kusemwa. Mambo hayo mawili yakikutana katika mtu mwenye madaraka, ndugu yangu, omba usiwe raia wake. Siku moja aliamuru vibaraza vyote vya milangoni vivunjwe, kwa hoja kwamba vinabana njia ya ngamia. Watu walinung'unika, kwa maana kibarazani ndipo mtu alipokaa jioni na jirani zake akatoa ya moyoni. Lakini manung'uniko hayakufika mbali, kwani Liwali aliwajengea kuba kubwa katikati ya soko, limeegemea ukuta wa kasri yake, wapumzike humo wote kwa pamoja.

Lilikuwa kuba zuri, tusilidhulumu. Ndani yake mlikuwa na birika la maji baridi, sakafu ya mawe laini, na katika kila pembe benchi la kukalia. Juu ya mlango paliandikwa kwa dhahabu kwamba Mughithi amelijenga kwa ajili ya raha ya raia wake. Katika pembe iliyopakana na kasri palikuwa na kidirisha chenye nakshi ya matundu, na watu waliambiwa kwamba ni cha kupitishia upepo. Mgeni mmoja kutoka nchi za mbali, jina lake Marzuku, aliwekwa hapo awagawie watu maji.

Shuaibu roho ililikataa kuba lile tangu siku ya kwanza. Alikuwa akikaa humo na rafiki yake, lakini alikaa kama mtu aliyealikwa karamu na adui. "Kutubomolea alitubomolea bila kutuuliza," alimwambia Dhakwani, "na kutujengea ametujengea bila sisi kumwomba. Anataka nini kwetu?"

Dhakwani alicheka. "Wewe Shuaibu hata peponi utauliza nani amelipia kivuli." Kisha kicheko kikamtoka usoni. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akauelekeza uso kwenye pembe ya ukuta nyuma yao, na kunong'ona, "Lakini hujakosea. Yatazame mawe haya. Haya ni mawe ya nyumba ya mayatima iliyovunjwa mwaka wa ukame, tukaambiwa imeanguka yenyewe. Mughithi amewavua mayatima akatuvika sisi. Kivuli hiki ni dhulma, nasi tumo ndani yake tunasema alhamdulillahi."

Shuaibu alitikisa kichwa, wakanywa maji, wakaenda kuswali.

Asubuhi yake askari walimchukua Dhakwani hemani kwake, sindano ikiwa bado mkononi. Walimsomea kosa lake mbele ya mkewe, Ummu Hakimu, na mbele ya majirani: kwamba amesema mawe ya kuba ni ya nyumba ya mayatima, kwamba Mughithi amewavua hao akawavika hawa, na kwamba kivuli chake ni dhulma. Yalikuwa maneno yake yaleyale, hakuna lililopungua. Ummu Hakimu alimuuliza mumewe pale pale, akifungwa kamba, "Maneno hayo ulimwambia nani?"

Macho ya Dhakwani yalikwenda upande wa kinu cha Shuaibu, na watu waliyaona yalikokwenda.

Habari ilipomfikia Shuaibu, aliacha kazi akakaa chini karibu na kinu. Hakuwa amemwambia mtu. Hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Basi nani? Alianza kuupekua mji mzima ndani ya kichwa chake. Alimfikiria muuza tende aliyekaa karibu na birika. Alimfikiria kipofu wa mlangoni, akajiuliza kama upofu wake ni wa kweli. Zaidi ya wote alimfikiria Marzuku, yule mgeni wa maji, asiyejulikana kwao wala ukoo wake, anayezunguka kutwa nzima na miguu isiyo na kishindo. Alipokosa wa kumshika, alifika mahali pabaya zaidi. Akiwa anakula na mkewe, Bi Rababu, aliweka tonge chini na kumuuliza, "Mke wangu, mimi huota nikasema?"

Bi Rababu alimtazama. "Huoti ukasema. Na kama ungesema, unadhani mimi ningefanya nini?"

Shuaibu aliona haya, akainamisha uso. Maana alikuwa amedhani.

Baada ya swala ya Ijumaa watu walikusanyika katika ua wa msikiti. Kila mmoja alimwogopa mwenzake, na watu wenye hofu hutaka kumpata mkosaji haraka kuliko wanavyotaka kumpata wa kweli. Mkuu wa soko, mzee Luqaimu, alimshika Marzuku mkono na kumsimamisha mbele yao.

"Shuaibu," alisema mzee Luqaimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekufungulia mlango. "Sisi tunakujua wewe na baba yako. Huyu hatumjui. Sema tu kwamba siku ile alipita karibu yenu na mtungi wake. Hatutaki zaidi ya hapo."

Neno moja lingemtosha. Angesema, "Huenda alipita," angerudi kwake na heshima yake, na Marzuku angefukuzwa mjini kwa mawe. Tena yeye mwenyewe moyoni alimshuku yule mgeni. Lakini kumshuku mtu ni jambo moja, na kumshuhudilia mbele ya msikiti ni jambo jingine, na Shuaibu, Mungu amrehemu, hakuyachanganya.

"Hakupita," alisema. "Alikuwa upande wa pili wa birika. Hapakuwa na mtu karibu yetu. Tulikuwa Dhakwani na mimi, na Mungu akituona."

"Hebu fikiri vizuri," alisema mzee Luqaimu.

"Nimefikiri. Hapakuwa na mtu."

Kisha watu walimwachia Marzuku na kuanza kuondoka, na kila aliyempita Shuaibu aliikusanya kanzu yake isimguse.

Tangu siku hiyo Shuaibu alikuwa maiti anayetembea. Akitoa salamu, inabaki hewani. Safu ya swala aliyosimama ilikuwa na pengo kulia kwake na kushoto kwake. Alikwenda kwa Ummu Hakimu kumpelekea mafuta, akamkuta mlangoni. "Mwagia mbwa," yule mama alimwambia. "Mume wangu alikugeukia wewe, Shuaibu. Aligeuka kulia na kushoto, halafu akakugeukia wewe." Aliufunga mlango, na Shuaibu aliliona jambo hilo kuwa haki kabisa kwa mtu aliyejua kile tu alichokijua yeye.

Hata hivyo hakuacha kwenda kubani alasiri, kwa kuwa kuacha kungekuwa ni kukiri. Watu walihama kila benchi alilolikaribia. Mwisho alikimbilia pembe ambayo hakuna aliyeipenda, ile ya kidirisha, kwa kuwa ilikuwa na giza kidogo, akakaa humo peke yake anavuta uradi.

Siku moja akiwa katika hali hiyo, alisikia sauti ndani ya sikio lake. "Mtazame alivyoshika tasbihi, muuza rafiki." Aligeuka haraka. Hapakuwa na mtu. Sauti ikaja tena, karibu kama pumzi. "Mimi nakwambia, hata Liwali mwenyewe hamwamini. Nani atamwamini mtu wa namna hiyo?"

Alisoma audhubillahi, akidhani amejiwa na shetani. Kisha aliinua macho, akaona upande wa pili kabisa wa kuba, ng'ambo ya birika, mzee Luqaimu na muuza tende wameelekeza nyuso zao penye pembe ya ukuta. Midomo yao ilikuwa ikicheza. Midomo ikicheza kule, maneno yanafika huku, yanapanda ukutani, yanavuka dari ya kuba na kushuka katika sikio lake.

Nyuma yake, ndani ya kidirisha cha upepo, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtu aliyekaa mahali penye vumbi kwa muda mrefu. Shuaibu hakugeuka. Alikaa vilevile, tasbihi imekwama kidoleni, na mambo yote yakajipanga mbele yake. Vibaraza vilivunjwa ili watu wakusanyike mahali pamoja. Pembe zilichongwa zipokee mnong'ono, na matundu ya kidirisha yalimwonyesha msikilizaji ni nani anayenong'ona. Na aliyelichora kuba lile aliwajua watu wa Harzamu vizuri: alijua kwamba mtu mwenye siri atageuka kulia, atageuka kushoto, kisha atauelekeza uso wake ukutani. Ada yao njema ndiyo iliyofanywa mtego. Walikuwa wakichunga amana zao kwa kuzitia wenyewe katika sikio la Liwali.

Alirudi nyumbani akamsimulia Bi Rababu, akiwa amemketisha katikati ya chumba, mbali na kuta zote.

"Basi nenda ukawaambie," alisema mkewe. "Utoke lawamani leo hii."

"Nikawaambie nini? Kwamba si mimi, ni dari? Ningekuwa mimi ni wao, ningecheka."

"Wapeleke wakasikilize wenyewe."

"Nani atakaa na mimi pembe moja? Salamu yangu tu hawaitaki." Aliutazama ukuta. "Iko njia moja. Nitalinong'oneza kuba neno ambalo hakuna mwingine atakayelisikia. Askari wakija na neno hilo, watu watajua."

Bi Rababu alielewa upesi kuliko alivyotaka. "Wakija watakuchukua."

"Watanichukua."

"Na wasipokuja?"

"Basi nitakuwa nimesema uongo mbele ya mji mzima, na Dhakwani nitakuwa nimemuuza mimi milele."

Bi Rababu alijifuta macho kwa upande wa shela. "Sasa mume wangu, nikuombee dua gani? Nimwombe Mungu waje, au nimwombe wasije?"

Shuaibu alimbusu kichwani. Kesho yake alisimama katika ua wa msikiti na kusema kwa sauti, ijapokuwa hakuna aliyemtazama, "Enyi watu wa Harzamu, mna haki ya kunidhania. Nawaomba jambo moja tu. Njooni kubani, msimame nyote mlangoni, asitoke mtu wala asinisogelee mtu. Nitaiambia pembe ya ukuta neno langu. Kisha tusubiri."

Walikwenda, wengine kwa udadisi, wengine wakitumaini kumwona akiumbuka. Ummu Hakimu naye alikuja. Wakasimama mlangoni wamebanana, na Shuaibu akavuka sakafu peke yake mpaka pembe ile aliyokaa na rafiki yake. Watu wakaona jambo lililowashangaza. Hakugeuka kulia, wala hakugeuka kushoto. Aliuelekea ukuta moja kwa moja, midomo ikatikisika, akarudi na kukaa kando ya birika.

Wakasubiri. Mtu mmoja akaanza kuguna. Muuza tende akasema, "Haya, tumeona, mtu ameswali na ukuta." Wachache wakacheka. Wanaosimulia wanasema kwamba saa ile Shuaibu alijikuta akiomba wasije, na saa ileile akiomba waje.

Wakaja. Vishindo vya askari vilitangulia, umati ukapasuka kuwapisha, na jemadari wao akaingia akiwa na uso wa hasira. Alimwendea Shuaibu moja kwa moja na kumkwida kanzu. "Wewe ndiye uliyethubutu kumwambia Liwali, *Mche Mwenyezi Mungu*?"

Neno hilo hakuna mtu aliyekuwa amelisikia. Mzee Luqaimu aliinua uso wake darini polepole, akaushusha mpaka kwenye kidirisha cha upepo, na mikono ikamwanguka. Ummu Hakimu alitoa sauti isiyokuwa kilio wala neno.

"Ndiye mimi," alisema Shuaibu, na wakamfunga.

Walimtupa katika chumba kimoja na Dhakwani. Ungedhani hapo shida imekwisha, marafiki wakakumbatiana. Dhakwani alimwona, akajivuta mpaka ukuta wa mwisho. "Wamekuleta unisikilize hata humu ndani?" alisema. "Waambie sina jipya."

Shuaibu alifungua kinywa ajieleze, akakifunga. Aliona kwamba kila atakachosema kitakuwa ni kile ambacho jasusi hodari angekisema. Akaamua kusubiri. Dhakwani alipougua homa alimpepea, na Dhakwani alipompa mgongo, alikaa upande wa mgongo huo. Yalikuwa mateso makali kuliko minyororo, na alikiri baadaye kwamba kuna siku alilia kwa kwikwi chini ya kanzu yake.

Kumbe nje watu wa Harzamu hawakuwa wamekaa kimya. Kila aliyekwenda kunywa maji alipita kwanza penye pembe na kunong'ona, "Mche Mwenyezi Mungu." Wauza tende, wachunga ngamia, wanawake wenye watoto mgongoni, mzee Luqaimu mwenyewe na fimbo yake. Ummu Hakimu alikwenda asubuhi na alasiri. Waliosikiliza nyuma ya kidirisha hawakupata tena habari ya mtu yeyote, ila neno hilo moja kuanzia alfajiri hadi magharibi. Liwali aliwakamata baadhi yao, gereza likajaa, na hao ndio waliomsimulia Dhakwani kisa chote.

Dhakwani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alitambaa na minyororo yake akaweka kichwa miguuni pa Shuaibu, akashindwa kusema, yeye aliyekuwa hashindwi kusema. Shuaibu alimwinua. "Nyamaza," alimwambia. "Nimekusikia."

Mughithi hakupata njia. Angewaadhibu watu kwa kosa gani? Angeandika katika hukumu kwamba wamemwamrisha kumcha Mungu? Na kulifunga kuba hakuweza, maana jina lake lilikuwa mlangoni kwa dhahabu. Akawafungulia wote, akasema ni huruma yake. Watu walimshukuru kwa heshima, wakaenda zao kujenga upya vibaraza vyao.

Siku aliyotoka, kabla ya kufika nyumbani, Shuaibu alipitia kwa Marzuku, aliyekuwa anajaza mitungi kisimani. Watu walidhani anakwenda kupokea shukrani za mtu aliyemwokoa. Yeye alisimama mbele yake ameinamisha kichwa.

"Ndugu yangu Marzuku, nisamehe. Ulimi wangu ulikutetea msikitini, lakini moyoni nilikutuhumu siku nyingi, kwa sababu tu sikukujua kwenu."

Yule mgeni alitua mtungi wake. "Nilijua, sheikh," alisema. "Wengine walinitukana, lakini maji yangu waliyanywa. Wewe ulinitetea, na tangu siku Dhakwani alipochukuliwa hukunywa hata mara moja kwa mkono wangu."

Shuaibu alilia pale kisimani kuliko alivyolia gerezani.

Hiki ndicho kisa chao, Mwenyezi Mungu awarehemu. Tumezoea kukisimulia ili tumseme Mughithi, na Mughithi anastahili. Lakini tafakari, ewe msomaji: dhalimu yule alijenga kuba moja tu, na lililobaki walilimaliza watu wenyewe kwa dhana zao, hata mja mwema akamtuhumu mkewe mezani. Tunamwomba Mola atukinge na wanaotusikiliza kwa siri, na kabla ya hapo atukinge na sisi wenyewe tunapomtazama jirani.